Asidi ya Nitriki na Swali la Bariamu ya Thar Jath

Mwaka 2017 Fritz Pragst na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya nywele za watu 96, waliojitolea kutoka maeneo ya karibu na ya mbali na visima vya mafuta vya Thar Jath, Jimbo la Unity. Walikuta viwango vikubwa vya madini ya risasi na bariamu, wakavihusisha na maji yaliyochafuliwa. Sisi wa Juba tukiizungumza habari hii hubishana nani alipe. Insha hii inauliza jambo dogo zaidi: maabara hujuaje kilichomo?

Kisa kinaanzia kwa wasafishaji wa dhahabu. Maelezo ya kutengeneza asidi ya nitriki yamo katika maandishi ya Kilatini yaliyobebeshwa jina la Jabir ibn Hayyan, ingawa wanahistoria wengi hawaamini kwamba aliyaandika yeye. Ukitia mchanganyiko wa madini ndani yake, fedha huyeyuka, dhahabu hubaki. Baadaye wanakemia waliipenda kwa sababu karibu chumvi zake zote huyeyuka majini, ya risasi ikiwemo. Ostwald alipopata hataza ya kuitengeneza kutokana na amonia mwaka 1902, njia ya kuizalisha viwandani kwa wingi ilifunguka. Leo sampuli huchemshwa ndani yake, na kimiminika kilicho safi ndicho kinachopelekwa kwenye mashine.

Bariamu ndiyo inayonisumbua. Wachimbaji wa mafuta huchanganya bariti, jiwe zito, katika tope la kuchimbia ili lihimili shinikizo la kisima. Bariti ni salfati ya bariamu, na asidi ya nitriki karibu haiigusi. Udongo wa shimo la tope ukichemshwa hivyo, unga mweupe unaweza kubaki chini ya bika huku ripoti ikionyesha bariamu kidogo. Kuipata yote hutakiwa kuuyeyusha unga huo kwa moto mkali pamoja na kaboneti ya sodiamu, au kuupima kwa eksirei ukiwa mkavu.

Kwa hiyo jedwali la udongo lisilotaja asidi iliyotumika mimi silisomi kama ushahidi, liwe la serikali au la wanaharakati. Nywele ni jambo jingine. Bariamu inayofika humo kwa njia ya maji ya kunywa ilikuwa imekwisha kuyeyuka kabla ya mtu kuinywa.