Amani katika Usambara Mashariki: Maktaba Moja, Taaluma Nyingi

Makala haya yanahusu kituo cha utafiti cha Amani, kilichopo katika milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Kwa kawaida historia ya kituo hiki huandikwa vipande vipande. Mwanahistoria wa kilimo huishia mwaka 1948, shughuli za kilimo zilipoanza kuhamishiwa Muguga nchini Kenya. Mwanahistoria wa tiba huanzia hapo, ulipowadia utafiti wa malaria. Mwanaikolojia hana haja kubwa na wote wawili, kwani kwake Amani ni msitu, na tangu mwaka 1997 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba mgawanyo huo unaficha kile kilichokipa kituo uhai wake. Taaluma mbalimbali ziliishi pamoja juu ya kilima kimoja na kutumia maktaba moja, na baadhi ya matokeo yake yenye kudumu yalipatikana pale mtaalamu alipovuka mpaka wa fani yake na kuingia katika shamba la mwenziwe.

Taasisi ya Biolojia na Kilimo ya Amani ilianzishwa na utawala wa Wajerumani mwaka 1902, kwa mfano wa bustani ya mimea ya Buitenzorg katika kisiwa cha Java. Shabaha yake ilikuwa wazi: kuwapatia walowezi mazao ya kuuzwa Ulaya, yaani kahawa, mpira, mkwinini, nyuzi na viungo. Hakuna sababu ya kuipamba. Hata hivyo mkurugenzi wake wa kwanza, Franz Stuhlmann, aliyesomea zoolojia na kusafiri na Emin Pasha hadi eneo la maziwa makuu, hakujifunga katika wanyama wala katika mazao ya walowezi. Mwaka 1909 alichapisha kitabu juu ya historia ya utamaduni wa Afrika Mashariki, ambamo mimea ya mashambani na mifugo ya wenyeji ilichukua nafasi ya nyaraka. Ndizi, mtama na nazi zilisomwa kama ushahidi wa safari na mawasiliano ya watu ambao hawakuacha maandishi. Mengi ya majibu yake yamepitwa na wakati, na mtazamo wake juu ya Waafrika ulikuwa wa zama za ukoloni. Lakini njia yenyewe, ya kuuliza zao limetoka wapi ili kujua watu wamekutana na nani, ingali inatumiwa na wanaakiolojia wa pwani hii.

Vita Kuu ya Kwanza ilikigeuza kituo kuwa karakana. Meli za Waingereza zilipofunga pwani, magome ya mkwinini ya Amani yalitumika kutengenezea dawa ya malaria kwa ajili ya majeshi ya Wajerumani. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Tanga na milima yake, na kwa miaka kadhaa baadaye kituo kilidhoofika, kiasi kwamba Tume ya Ormsby-Gore, katika taarifa yake ya mwaka 1925, ilililalamikia jambo hilo. Mwishoni mwa muongo huo kikafufuliwa chini ya William Nowell kama Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Afrika Mashariki. Hapo ndipo habari inapokuwa na utajiri.

Tuanze na muhogo, kwa kuwa ndio uliowagusa watu wengi zaidi. H. H. Storey alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Mwaka 1932 alionesha kwamba uwezo wa mdudu kuambukiza mahindi virusi vya milia hurithiwa kutoka kwa wazazi wa mdudu huyo. Jambo hilo ni la jenetiki ya wadudu, na lilipatikana na mtu aliyeajiriwa kuchunguza majani. Mwaka 1936 ndiye aliyeueleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo. Pamoja na R. F. W. Nichols alishughulikia pia batobato, ugonjwa uliokuwa ukikausha mashamba ya muhogo kutoka pwani hadi bara. Nichols alijaribu kuchanganya mbegu za muhogo na jamaa zake wa mbali, na mmojawapo ulikuwa mpira wa Ceara. Mti huo ulikuwa umepandwa kwa wingi na walowezi wa Kijerumani katika nyanda za Tanga, ukapoteza thamani bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913. Kwa hiyo mabaki ya uchumi ulioshindwa yakawa hazina ya uchumi mwingine: ukinzani uliokuwa umejificha ndani ya mti wa mpira ukahamishiwa katika zao la chakula. Kazi hiyo iliendelezwa na D. L. Jennings, na mbegu zake zilipelekwa Nigeria, ambako baadaye zilikuwa miongoni mwa misingi ya uzalishaji wa mihogo yenye kuhimili batobato katika Afrika Magharibi. Mtu anayesoma historia ya mashamba makubwa peke yake hataiona habari hii, na anayesoma jenetiki peke yake hatajua ule mti ulifikaje Tanga.

Mkonge nao una kisa kinachofanana na hicho. Ulifika Tanga mwaka 1893 kwa juhudi za Richard Hindorf, kabla Amani haijakuwapo. Ila aina nyingine ya jamii yake, yenye asili ya Amerika, ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1933 kutokana na mimea iliyoota Amani, na ndiyo maana ikapewa jina la Kilatini la *Agave amaniensis*. Chotara maarufu namba 11648 ana damu yake.

Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo, aliona kwamba udongo wa Afrika Mashariki hauwezi kuchorwa kwenye ramani kama viraka vilivyotengana. Kutoka kilele cha kilima hadi bondeni aina za udongo hufuatana kwa mpangilio unaojirudia kila kilima, zikishikana kama pete za mnyororo. Naye akauita mpangilio huo kwa neno la Kilatini lenye maana hiyo, katena. Istilahi hiyo sasa inafundishwa duniani kote. Wakulima wa nchi hii tayari walikuwa na majina ya kila daraja la mteremko, na neno mbuga, kwa maana ya udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni, liliingia katika fasihi ya sayansi ya udongo bila kutafsiriwa. Ni deni ambalo aghalabu halitajwi katika vitabu vya kiada.

Suala la majina linatufikisha kwa P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea aliyesimamia hifadhi ya mimea mikavu ya kituo. Mwaka 1937 alichapisha kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili. Chanzo cha kazi hii kilikuwa tatizo la kiutendaji. Jina moja laweza kutaja miti miwili tofauti katika vijiji viwili jirani, na mti mmoja waweza kuwa na jina la Kisambaa, la Kibondei na la Kiswahili cha pwani, na bwana shamba asiyelijua hilo hupotoka. Msambaa anaposema mtambara, mtaalamu wa mimea anasoma *Cephalosphaera usambarensis*. Baina ya majina hayo mawili pana mtu aliyesimama msituni na kuonesha kwa kidole. Kamusi hiyo ni kazi ya isimu iliyofanywa ndani ya kituo cha kilimo. Walioshikilia maarifa hayo, yaani wazee, waganga na wakata miti, hawamo kwenye jalada.

Mtu anayeshangaza kuliko wote ni Reginald Moreau. Aliajiriwa Amani mwaka 1928 kama katibu na mkutubi, si kama mwanasayansi, kwani awali alikuwa karani wa hesabu nchini Misri. Akiwa mtunza vitabu alijifanya kuwa bingwa wa ndege wa Afrika, na ndege mmoja mdogo wa msitu wa Amani, shonanguo mwenye mdomo mrefu, alipewa jina lake mwaka 1931. Aliyemkusanyia ndege hao alikuwa Salimu Asmani, ambaye mwanahistoria Nancy Jacobs amemrejesha katika kumbukumbu. Kwa msomaji wa sanaa na sayansi za jamii, jambo zito zaidi ni kwamba mwaka 1941 Moreau huyohuyo alichapisha katika *Tanganyika Notes and Records* makala juu ya utani baina ya makabila, na mwaka 1944 akarudi kwenye mada hiyo katika jarida la *Africa*. Si vigumu kukisia namna mtaalamu wa ndege alivyofika hapo. Kituo kilichokusanya vibarua kutoka pande nyingi kilikuwa mahali pa kusikia nani anamtania nani, na kwa haki gani. Aliyezoea kuorodhesha spishi na mipaka yake akaorodhesha watani. Udhaifu wa makala zake ni uleule wa mazoea hayo: kabila linachukuliwa kama spishi, jambo lenye ukingo, ilhali utani ndio uliokuwa ukiuvuka ukingo huo kila siku, misibani na njiani.

Kuanzia mwaka 1948 hali hiyo ilivunjika. Kilimo kilikwenda Muguga, mimea mikavu ikapelekwa Nairobi, na majengo yakakabidhiwa watafiti wa malaria chini ya D. Bagster Wilson. Kwa upande wa tiba kazi kubwa ilifanyika, ukiwemo mradi wa kupulizia dawa ya dieldrin majumbani huko Upare na Taveta katika miaka ya 1950, pamoja na uchunguzi wa Mick Gillies juu ya umri na mwendo wa mbu katika maeneo ya Muheza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, umiliki ukabaki kwa taifa, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979 ikakirithi kituo. Baadaye shughuli nyingi ziliteremka hadi Muheza mjini, karibu na barabara na umeme wa uhakika.

Matokeo yake ni kwamba anayetaka kuandika historia ya Amani leo husafiri sana. Mimea iko Nairobi, ngozi za ndege ziko Uingereza, taarifa za Wajerumani ziko kwa Kijerumani, uzao wa muhogo uko Nigeria, na maabara ziko kilimani zikiwa tupu. Wanaanthropolojia Wenzel Geissler na Ann Kelly walipofanya utafiti huko katika muongo uliopita, waliwaomba wafanyakazi wa zamani waoneshe kwa vitendo jinsi kazi ilivyokuwa ikifanyika: namna ya kukaa mezani, kushika darubini, kumshika mbu. Mikono yao ilikumbuka mengi ambayo hayakuandikwa katika taarifa za mwaka. Wafanyakazi hao ni wazee sasa. Walizungumza Kiswahili kazini kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kilichoandikwa kuwahusu iko kwa Kiingereza, katika majarida ambayo shule za Muheza hazina.