Kengele, Bahasha na Daftari: Safari ya Kwaya Yetu ya Miaka 25



Majina ya viongozi waliotangulia, picha na utaratibu wa ibada mtavikuta katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi tulioandika ukurasa huu tulifungua madaftari ya zamani ya kwaya tukiwa na nia ya kuorodhesha mafanikio. Tumeyapata, na tunamshukuru Mungu. Lakini tumekuta pia jambo ambalo historia ya kweli haiwezi kuliruka.

Udongo tuliopandwa

Uimbaji wa Kikristo upande huu wa Kisauni ni mkongwe kuliko kwaya yetu. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Mwaka 1875 kijiji cha Frere Town kikaanzishwa na wamishonari wa CMS chini ya William Salter Price, ili kuwapokea watu waliookolewa kutoka majahazini. Mnara wa kengele wa kijiji hicho ndio uliowapa wakazi wa leo jina la Kengeleni, na makondakta wa matatu hulitaja kila siku bila kukumbuka lilikotoka.

Waliofika pale walikuwa wametengwa na koo zao, na hata lugha moja hawakuwa nayo. Hata hivyo, katika jumuiya hiyo walitokea watumishi kama William Jones, aliyewahi kuwa mtumwa, akalelewa India, na mwaka 1885 akatiwa mikono na Askofu James Hannington. Mwaka huohuo alifuatana na askofu katika safari ya kwenda Uganda. Askofu alipouawa Busoga, ni Jones aliyeuongoza msafara kurudi pwani.

Kisha zikaja nyakati nyingine. Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza ilianza shughuli Mombasa, na mwaka 1896 ujenzi wa reli ukaanza. Kote kulihitajika makarani na wakalimani, na vijana wa misheni walijua kusoma na kuandika. Wamishonari walilalamika kwamba walimu wao wanafuata mishahara.

Tusiwahukumu wazee hao. Malipo ya misheni yalikuwa madogo, na wengi hawakuridhika na jinsi walivyotendewa. Tena wako waliosafiri na imani yao wakaipanda bara. Kazi haikuwa dhambi wakati ule, na si dhambi leo. Swali ni lile la mfano wa mpanzi: mbegu iliyoangukia penye miiba haikuliwa na ndege wala kuchomwa na jua. Iliota vizuri, ila ikasongwa na kilichoota pamoja nayo.

Tulivyoanza

Kwaya yetu ilianza na waimbaji 14, ngoma moja na kayamba mbili. Hatukuwa na sare. Akina mama walivaa leso za rangi moja, na wanaume shati jeupe la kuazima. Daftari la mahudhurio la mwaka wa kwanza linaonyesha watu wakija mazoezini Jumanne na Alhamisi kwa miguu kutoka Mtopanga, Bombolulu na Mishomoroni, wengine wakitoka moja kwa moja kibaruani. Palipokuwa na msiba tuliimba kesha zima, na asubuhi tukaenda kazini na macho mekundu.

Bahasha ya kwanza

Katika mwaka wa 9 tulialikwa kuimba harusini, na bwana harusi akatupa bahasha. Tulifurahi, na haikuwa vibaya kufurahi. Fedha ile ilianzisha mfuko wa kinanda. Baadaye tukapata sare, spika, kisha tukarekodi nyimbo zetu. Mialiko ikaongezeka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tulizingatia. Daftari letu la fedha lilikuwa safi, kila shilingi na risiti yake. Lakini lile la mahudhurio lilianza kuwa na mapengo. Wengine walikuwa na zamu bandarini au hotelini, wengine walikwenda Ghuba kutafutia watoto karo. Hao tuliwaelewa na kuwaombea. Pengo lililotuumiza ni la sisi tuliobaki: siku za mazoezi bila mwaliko tulikuwa 9, na siku ya safari yenye bahasha tulikuwa 31.

Jumamosi ile

Katika mwaka wa 12 alifariki mzee wetu mmoja, mwimbaji wa besi tangu siku ya kwanza, ndiye aliyetushonea ngozi ya ngoma. Maziko yalipangwa Jumamosi. Siku hiyohiyo tulikuwa na harusi katika hoteli moja ya ufuoni, na malipo ya awali tulikwisha kuyapokea. Kamati ilikaa, ikapiga kura. Tukaenda harusini. Waimbaji 5 walikataa, wakaenda kumzika mzee kwa sauti zilizopwaya, bila besi.

Jumapili tulikwenda kumpa pole mjane, na mkononi tulibeba sehemu ya bahasha. Aliipokea kwa heshima, akasema, "Najua, wanangu. Mlikuwa na shughuli."

Hakuongeza neno. Tungependa angetugombeza. Wapo kati yetu ambao hawakuweza kuimba ibada ya Jumapili iliyofuata.

Tulichoamua

Hatukutupa kinanda wala kukataa harusi. Tulikaa chini na kasisi, tukaungama, tukaomba radhi kwa familia ile na kwa wale 5. Kisha tukaandika kanuni tatu ambazo kila mwanakwaya mpya husomewa. Kwanza, msiba wa mshirika hutangulia mwaliko wowote, hata uliolipiwa, malipo yatarudishwa. Pili, asiyehudhuria mazoezi hapandi gari la safari. Tatu, fungu la kumi la kila bahasha huenda kwa wajane na yatima wa kanisa kabla hatujanunua chochote.

Tumeshazivunja? Ndiyo, mara mbili, na zote zimeandikwa daftarini. Miiba haing'olewi siku moja ikaisha. Kila mkulima wa Kisauni anajua kwamba mvua inayootesha mahindi ndiyo inayootesha magugu.

Leo tuna waimbaji 46. Yule mama bado yuko nasi, na leo ameketi safu ya mbele akiwa mgeni wetu wa heshima. Wimbo wa kwanza wa ibada hii tutauimba bila kinanda, kwa ngoma ya mumewe peke yake. Tunawaomba msimame mwimbe nasi.

Kwa niaba ya wanakwaya wote,
Katibu wa Kwaya