Programu za uchanganuzi: Namna hifadhidata inavyogeuzwa chombo cha uamuzi

PROGRAMU za maarifa ya biashara ni zile zinazokusanya rekodi za shughuli za kila siku, kama vile mauzo, malipo na matibabu, na kuzigeuza kuwa ripoti na grafu za kumwelekeza mwenye kufanya uamuzi. Licha ya jina hilo, hutumiwa pia na hospitali, vyuo na serikali.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1958, Hans Peter Luhn, mtafiti wa kampuni ya IBM nchini Marekani, alichapisha makala kuhusu mfumo wa kufikisha habari kwa wanaozihitaji ndani ya shirika. Mwaka 1970, Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni iyo hiyo, alieleza namna ya kupanga data katika majedwali yanayohusiana. Juu ya msingi huo ilijengwa lugha ya SQL, ambayo hadi leo ni nyenzo kuu ya wataalamu wa hifadhidata.

Hifadhidata ya shughuli na ile ya uchanganuzi hazina kazi moja. Ya kwanza hunakili muamala mmoja mmoja kwa kasi. Ya pili hujibu maswali yanayohitaji kupekua rekodi za miaka mingi. Zikiwekwa pamoja, huenda mteja akakawia kupata risiti huku mashine ikimtafutia meneja jumla ya mauzo ya mwaka. Ndiposa ghala la data likabuniwa. Wamarekani Bill Inmon, kwa kitabu chake cha 1992, na Ralph Kimball, kwa chake cha 1996, walieneza mbinu za kulijenga.

Data hutolewa katika mifumo mbalimbali, husafishwa, kisha hupakiwa ghalani. Hapo ndipo programu kama Tableau na Power BI huichora ili isomeke kwa urahisi.

Hata hivyo, grafu maridadi haiponyi data mbovu. Karani mmoja akiandika "Murang'a" kwa ritifaa na mwingine "Muranga" bila ritifaa, tarakilishi itahesabu kaunti mbili. Aidha, kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013, rekodi nyingi za awali zilikuwa zimepangwa kwa mikoa na wilaya. Anayetaka kulinganisha miaka ya kabla na baada ya hapo hana budi kuandaa jedwali la kuoanisha mipaka hiyo.

Kosa la hatari zaidi ni kuchukulia pengo kuwa sufuri. Chukua mfano wa zahanati ambayo haikutuma ripoti ya malaria mwezi mzima. Programu ikijaza sufuri, itaonekana kana kwamba hakuna aliyeugua, na dawa zaweza kupelekwa kwingine ilhali wagonjwa wamejaa pale.

Kwa sababu hiyo, mfumo wa DHIS2, ulioasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ambao Kenya ilianza kuutumia kote nchini kupitia intaneti mwaka 2011, huonyesha pia ni asilimia ngapi ya ripoti zilizotarajiwa zimewasilishwa. Msomaji makini huangalia asilimia hiyo kabla ya kuamini idadi ya wagonjwa.

Isitoshe, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaorodhesha habari za afya ya mtu miongoni mwa data nyeti. Mtaalamu anapaswa kuhakikisha kwamba anayehitaji jumla pekee hafikii majina ya wagonjwa.

Kwa hivyo, kabla ya taasisi kununua programu, yafaa iafikiane kuhusu maana ya kila neno katika ripoti zake. Idara ya fedha ikimhesabu "mteja" kuwa aliyelipa, na ya mauzo ikimhesabu kuwa aliyeagiza, kila moja italeta jumla yake mkutanoni, na hakuna programu itakayowapatanisha.