Kijito Chetu Kabla ya Kikundi na Baada Yake

Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma habari za hisa, mikopo na mgao. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika historia tumeona tuanze na maji, maana kikundi hiki kilizaliwa kwenye foleni ya maji. Miaka 10 iliyopita tulikuwa tukikutana alfajiri kijitoni na ndoo zetu, na katika kungojeana huko ndiko yalikoanza maneno ya kuweka akiba.

Lakini habari ya maji ni ndefu kuliko kikundi. Sisi wa miteremko ya Kilimanjaro tumerithi mifereji iliyochimbwa kwa mikono na babu zetu, kuanzia kwenye banio huko juu korongoni hadi vihambani kwenye migomba. Rebmann alipofika huku mwaka 1848 mifereji ilikwishakuwepo, na Harry Johnston aliyekaa Moshi mwaka 1884 aliieleza katika kitabu chake. Hakukuwa na injinia wala vipimo. Aliyejua kufuata mwinamo wa ardhi aliheshimiwa, na ukoo uliochimba ndio uliokuwa na mfereji. Mzee wa mfereji aligawa zamu. Asiyetokea kazini alitozwa, na akizidi ukaidi alinyimwa maji. (Kina mama wanaolalamikia faini zetu za kuchelewa walikumbuke hilo.)

Kusafisha mfereji kulikuwa kazi, tena sikukuu. Baragumu lilipigwa, wanaume wakapanda na majembe, sadaka ikatolewa kwenye banio, kisha watu wakashuka kunywa mbege. Mbege hiyo nani aliipika? Bibi zetu. Walichemsha ndizi mbivu, wakaotesha ulezi na kuusaga, wakatia msesewe, na maji yote ya kazi hiyo waliyabeba wao. Lakini kwenye baraza la mfereji mwanamke hakuketi, na banioni hakwenda. Hatuandiki haya kuwatukana wazee, ndivyo mila ilivyokuwa. Ila anayejua wa kwanza kwamba maji yamepungua ni yule anayeyabeba kichwani, na huyo ndiye hakuulizwa.

Baadaye ilikuja kahawa, watu wakaongezeka, vihamba vikagawanywa vikawa vipande. Bomba nalo likafika kwa baadhi yetu, mifereji kadhaa ikaachwa ikaota nyasi. Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba kijito kinatoka kwenye theluji ya Kibo, kwa hiyo kikipungua tunatazama juu na kusikitika. Wataalamu wanatueleza kwamba sivyo. Sehemu kubwa ya maji ya mito yetu inatokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu wa mlima. Maana yake ni kwamba shoka na jembe letu vinahusika.

Tukafikia mwaka wa nne wa kikundi. Kiangazi kile kujaza debe moja ilikuwa sawa na kumenya mkungu mzima wa ndizi. Tukasema kuna watu wanaiba maji huko juu. Wakachaguliwa watano wapande kukagua. Walirudi kimya. Walichokikuta ni bustani za mchicha, nyanya na kabichi hadi ukingoni kabisa, pampu tatu, na mikaratusi iliyopandwa kwenye chemchemi. Na bustani nyingi zilikuwa za wanachama! Katibu akafungua daftari, tukaona kwamba mbegu na pampu zile zilinunuliwa kwa mikopo ya kisanduku chetu. Kwa maneno mengine, tulikuwa tunakopeshana pesa za kukausha kijito chetu wenyewe.

Mikutano miwili iliyofuata hatutaisahau. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji au ukingo wa mto, hilo mtendaji alitusomea. Lakini kusomewa sheria ni jambo moja, kumwambia mwenzako ang'oe nyanya zilizokwisha kuchanua ni jingine. Tulikubaliana wavune kwanza. Tukaandika kwenye katiba kwamba hakuna mkopo wa bustani iliyo ndani ya mita 60. Wawili walichukua hisa zao wakaondoka. Mmoja wao alirudi baada ya mwaka akiwa ameshika jani la sale, na kwa Wachagga mtu akija na sale huulizi zaidi, unampokea.

Kuna jambo hatukulifanya vizuri, nalo liandikwe. Mama mmoja mjane hakuwa na shamba jingine ila kile kipande cha kijitoni. Tulimtoa kama wengine, naye alikaa msimu mzima bila kitu kabla hatujapata akili ya kumkodia shamba kwa fedha za mfuko wa jamii. Alituvumilia. Leo ndiye anayetunza kitalu.

Mpaka wa mita 60 tuliuweka kwa masale, kama mipaka ya vihamba. Ndani yake tulipanda mikuyu na miringaringa. Mikaratusi iling'olewa, ingawa wenye nayo walidai fidia na bado wanadai. Sherehe yetu tuliiweka ndani ya Wiki ya Maji, tarehe 16 hadi 22 Machi, maana hapo mvua za masika zinakaribia na miche inashika. Mwaka wa kwanza wa sherehe tulimfuata mzee wa mfereji kuomba kupanda hadi banioni. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama tutakuja na majembe au na vibuyu tu. Tukajibu vyote viwili. Akacheka, akatupa siku.

Sasa kwenye baraza la mfereji tuna wajumbe wawili. Kiangazi kilichopita kijito hakikukatika, ingawa kilikuwa chembamba, na wenzetu wa chini walipata zamu yao kabla maji hayajaingia Weruweru kuelekea Kikuletwa, bwawa la Nyumba ya Mungu na Pangani. Bado mifuko ya plastiki na pampasi zinatupwa darajani usiku. Wanaotupa tunawajua, na wengine ni jamaa zetu. Jambo hilo limewekwa kwenye ajenda ya mkutano wa mwezi ujao, na majembe yapo kwa mweka hazina.