Dohani na Fundi Wake

Nyumba nyingi za kikoloni katika miinuko yetu, kama Lushoto na Mufindi, zina kitu ambacho babu zetu hawakukihitaji: meko ya ukutani sebuleni na dohani ya matofali inayotokeza juu ya paa. Babu zetu waliota moto kwenye mafiga, na moshi ukajipenyeza wenyewe katika nyasi za paa. Wajerumani, na baada yao Waingereza, walikuja na desturi ya kwao. Walipoondoka walituachia dohani, lakini ujuzi wa kuitunza haukukabidhiwa pamoja na funguo.

Hata wao waliupata ujuzi huo kwa gharama kubwa. Mwezi Septemba 1666 moto ulioanzia kwa mwoka mikate uliteketeza nyumba zipatazo 13,000 mjini London. Sheria ikaamuru nyumba mpya zijengwe kwa matofali au mawe. Lakini masizi yaliyoganda ndani ya dohani nayo hushika moto, kwa hiyo ilibidi yakwanguliwe. Kazi hiyo walipewa watoto maskini, kwa kuwa miili yao ilienea katika njia nyembamba. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott alieleza jinsi masizi yalivyowaletea wasafisha dohani saratani. Sheria ya 1788 ilikataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 8. Ile ya 1840 ikakataza aliye chini ya miaka 21 kupanda dohani. Wenye nyumba wengi walizipuuza, maana mtoto alikuwa rahisi. Mwaka 1875 kijana George Brewster alikwama katika dohani ya hospitali karibu na Cambridge, akafa. Ndipo mwaka uo huo kila msafisha dohani akatakiwa kuwa na kibali cha polisi.

Msomaji atauliza, hayo yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliishi katika nyumba ya namna hiyo. Kabla ya majira ya baridi nilimwita mwashi wa kijiji jirani, ambaye kazi zake nilikuwa nimeziona kwa majirani. Alitaka alipwe kwanza kwa kupanda na kutazama tu. Mhasibu wetu alishangaa: mtu alipwe kwa kutazama? Mzee yule alishuka na debe zima la vijiti vya viota vya ndege, kisha akatuonyesha ufa uliopitisha joto hadi kwenye boriti za paa. Akasema, "Mwalimu, msiwashe mpaka nizibe." Tukalala na mablanketi wiki nzima.

Dohani iliyozibika hurudisha chumbani moshi pamoja na hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Jiko la mkaa likiingizwa katika chumba kilichofungwa huleta hatari hiyo hiyo, na watu wamelala wasiamke.

Wahenga walisema, rahisi inavunja upishi. Anayetaka fundi na amtafute jirani, aulize waliomtumia, atazame kazi yake ya mwaka juzi, wala asione uchungu kumlipa kwa macho yake. Fundi anayekukataza kuwasha moto hupoteza sifa ya siku moja. Lakini ndiye atakayeitwa tena mwakani, na wenye nyumba watakuwapo wamwite.