Jokofu lisilopoza: Si kila mara gesi imekwisha

KATIKA Magole, kata ya Wilaya ya Kilosa iliyo kando ya barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma, jokofu si pambo la sebuleni. Kwa mwenye duka ni maji na soda baridi za abiria, kwa mama wa nyumbani ni maziwa na kitoweo cha kesho, na kwa mgonjwa wa kisukari ni mahali pa kuhifadhia insulini. Linapoacha kupoza, hasara huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, na mara nyingi uamuzi wa kwanza wa mwenye nalo huwa ni kumwita fundi aje kuongeza gesi.

Uamuzi huo mara nyingi ni wa haraka mno. Gesi ya jokofu haiishi kwa kutumika kama ile ya kupikia. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote, na inaweza kukaa humo muda wote wa uhai wa chombo. Ikiwa imepungua, maana yake pana tundu, na kuongeza nyingine bila kulitafuta na kuliziba ni kununua baridi ya siku chache kwa fedha nyingi.

Jambo la kwanza kuangaliwa ni umeme. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230, lakini kwa nyumba iliyo mbali na transfoma, hasa saa za jioni wakati kila mtu anatumia, volti zinaweza kushuka sana. Hapa ndipo wengi hudanganyika: taa inawaka, simu inachaji, kwa hiyo huamini kuwa umeme upo wa kutosha. Chaja nyingi za simu zimeandikwa kuwa hufanya kazi kuanzia volti 100, na taa nyingi za LED huendelea kuwaka umeme ukiwa mdogo. Kompresa ya kawaida ya jokofu, ambayo wengi huiita mota, haina uvumilivu huo. Balbu za zamani za waya zilikuwa zikififia zikatoa taarifa. Taa za siku hizi hazisemi kitu. Fundi mwenye mita ya kupimia volti hulimaliza swali hilo kwa dakika moja, na ni vema apime jioni, si saa nne asubuhi.

Dalili ya umeme mdogo ni mlio wa "ta" nyuma ya jokofu, ukifuatiwa na mngurumo wa sekunde chache, kisha "ta" nyingine na kimya. Hiyo ni kompresa inayojaribu kuwaka ikashindwa, na kinga yake ikaikata isiungue. Dalili hiyohiyo huonekana umeme unapokatika na kurudi papo hapo, kwa sababu msukumo wa gesi ndani ya mabomba unakuwa bado haujatulia. Dawa yake ni kuchomoa plagi na kusubiri dakika tano au zaidi. Vifaa vya kulinda jokofu vinavyouzwa madukani hufanya kazi hiyo vyenyewe: hukata umeme unapozidi au kupungua, na huchelewesha kuurudisha. Ikiwa volti ni nzuri na mlio unaendelea, mtuhumiwa wa kwanza ni relei ya kuwashia kompresa, kifaa kidogo ambacho bei yake ni ndogo sana kulinganisha na kompresa yenyewe. Fundi anayetangaza kifo cha kompresa bila kuijaribu relei aombwe airudie kazi yake.

Hali ni tofauti pale jokofu linaponguruma mchana kutwa bila kupoza vizuri. Katika joto la Magole, linahitaji nafasi ya kupumua. Likibanwa ukutani au kuzungukwa na magunia, joto linalotolewa ndani halina pa kwenda. Vumbi la kwenye nyavu za nyuma lina madhara hayohayo. Mpira wa mlango hupimwa kwa noti: ibane mlangoni, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, hewa ya moto inaingia. Aidha, kwa wanaonunua majokofu yaliyotumika Ulaya, ipo herufi ya kusomwa kwenye kibandiko kabla ya kulipa. Daraja N limetengenezwa kwa mazingira yasiyozidi nyuzi joto 32, ST nyuzi 38, na T nyuzi 43. Jokofu la daraja N linaweza kuwa zima kabisa na bado likashindwa na mchana wa Kilosa.

Kwa majokofu yasiyogandisha barafu ukutani, upande wa friza ukiwa baridi na upande wa chini ukiwa vuguvugu, tatizo huwa ni feni, au barafu iliyoziba njia ya hewa nyuma ya kava la ndani. Lichomolewe, milango iachwe wazi siku nzima. Likipoza vizuri baada ya hapo, kisha likarudia ugonjwa siku chache baadaye, mfumo wa kuyeyushia barafu ndio mbovu, si gesi. Kwa yale yanayogandisha, adui mkubwa ni kisu cha kubandulia barafu, kwa kuwa bati la humo ni jembamba, na tundu moja huiachia gesi yote.

Majokofu ya kisasa huonyesha alama za hitilafu kwenye kioo. Kwa mengi ya LG, Er FF huelekeza kwenye feni ya friza, Er FS kwenye sensa ya friza, Er dH kwenye mfumo wa kuyeyushia barafu, na Er CO kwenye mawasiliano kati ya bodi za umeme. Katika baadhi ya Samsung, OF OF si ugonjwa: jokofu limewekwa katika hali ya maonyesho ya dukani, taa huwaka lakini halipozi. Hata hivyo, alama hutaja mahali, haimtaji mkosaji. Feni inayosemwa kuwa mbovu inaweza kuwa imekwamishwa na barafu tu. Kitabu cha jokofu husika ndicho cha kufuatwa.

Ikithibitika kuwa gesi imevuja, aina yake isomwe kwenye kibandiko. R600a, iliyomo katika majokofu mengi mapya, hushika moto. Bomba lake lisichomelewe kabla gesi haijatolewa, na lisijazwe R134a badala yake.

Wakati fundi anasubiriwa, mlango usifunguliwe ovyo. Chakula cha upande wa kawaida huhesabiwa kuwa salama kwa takriban saa nne. Friza iliyojaa hustahimili hadi saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka.

Magole ina sababu yake ya ziada ya tahadhari. Januari 2014 mafuriko yaliingia katika nyumba za eneo hilo na la jirani la Dumila. Jokofu lililoingiwa na maji lisiwashwe kwa kuwa tu limekauka nje. Kompresa imefungwa ndani ya chuma na inaweza kupona, lakini relei, nyaya na bodi hubaki na tope, na maji hujificha ndani ya sponji ya kuta. Kwanza umeme wa nyumba ukatwe kwenye swichi kuu, kisha fundi avifungue vifaa hivyo, avisafishe na kuvipima kabla plagi haijarudishwa ukutani.