Jiko la Mume na Mke katika Njombe na Makambako

Mume na mke wa Njombe au Makambako wanapoafikiana kulitengeneza upya jiko la nyumba yao, mazungumzo huanza kwa hesabu. Matofali mangapi yatahitajiwa, mabati yawe ya geji gani, sakafu iwe ya saruji tupu au itandazwe vigae, ukuta upakwe rangi gani isiyoonyesha masizi upesi. Hesabu hizo ni za haki, kwani fedha ni haba na saruji ni ghali. Walakini liko swali jingine chini ya hayo yote, nalo halitamkwi mara nyingi: jiko hilo likiisha kutengenezwa litakuwa mali ya nani? Insha hii yataka kuonyesha kwamba swali hilo si jipya. Limekuwako katika nyanda hizi za juu kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila mara jiko lilipobadilika sura, mpaka kati ya mzigo wa mume na mzigo wa mke ulisogea pia.

Kwanza yatupasa kuifahamu nchi yenyewe. Mji wa Njombe umekaa juu ya mwinuko wa karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Makambako, ulio kaskazini yake kwa mwendo wa kilometa kama 60, uko chini kidogo, lakini nao ni mji wa baridi. Katika Juni na Julai pengine sakitu huunguza majani ya viazi mashambani. Katika nchi kama hiyo jiko halikuweza kuwa mahali pa kupikia tu. Lilikuwa mahali pa kuotea moto, pa kulishia watoto, pa kupokelea jirani wa karibu na pa kuhifadhia chakula. Juu ya mafiga matatu palijengwa kichanja, na juu ya kichanja yaliwekwa mahindi ya mbegu na ya akiba, ili moshi uyakinge na fukusi. Moshi huo huo ulipanda katika nyasi za paa, ukazikausha na kuwazuia wadudu wasizile. Basi moshi tunaoulaumu leo, na tunaulaumu kwa haki, ulikuwa na kazi yake katika nyumba. Aliyetaka kuuondoa alipaswa kwanza kutafuta njia nyingine ya kulinda nafaka na paa.

Jiko hilo lilitengenezwa upya mara kwa mara, maana udongo hupasuka na nyasi huoza. Kwa desturi, kukata miti, kusimamisha nguzo na kuezeka kulikuwa kazi ya wanaume. Kuchota maji, kukanda udongo, kusiriba kuta na kulainisha sakafu kulikuwa kazi ya wanawake. Mapambo nayo yalitoka katika kazi hiyo hiyo: udongo uliochaguliwa kwa rangi yake na kupakwa ukutani kwa kiganja ndio uliokuwa rangi ya nyumba, na sakafu iliyolingana ilikuwa sifa ya mwenye jiko. Hapakuwa na fedha iliyotoka mkononi. Wote wawili walilipa kwa jasho, na kila mmoja aliiona kazi ya mwenzake kwa macho. Figa moja haliinjiki chungu, walisema wahenga, na katika jiko la namna hii methali hiyo haikuhitaji maelezo. Lakini tusiyasifu ya kale kupita kiasi. Jasho halikuwa sawa: paa likiisha kuezekwa hukaa miaka kadhaa, ambapo sakafu hudai mkono wa mwanamke mara nyingi katika mwaka, na kuni na maji hudaiwa kila siku ya Mungu.

Mizani hiyo iliguswa kwanza na kodi. Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza wakaiendeleza kwa sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa ya mwaka 1922. Tazama jinsi kodi hiyo ilivyohesabiwa. Kipimo chake kilikuwa nyumba. Mume mwenye wake wawili, kila mmoja akiwa na nyumba yake na moto wake, alidaiwa mara mbili. Hivyo moto wa mwanamke uligeuka kuwa deni la mwanamume, na deni hilo lilitaka fedha taslimu. Vita vya Majimaji, vilivyopigwa tangu 1905 hadi 1907 na kufika hata Ubena, viliacha nyuma yake njaa na umaskini. Baadaye wanaume wengi wa Njombe walitafuta fedha kwa kwenda mbali, hasa katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Tangu 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na shirika lao la kuandikisha vibarua, lililojulikana kwa jina la SILABU, na nyanda za juu za kusini zilikuwa miongoni mwa nchi lilikotafuta watu.

Safari hizo zilifanya mambo mawili katika jiko. La kwanza, mwenye kuezeka hakuwapo. Mke aliyebaki alisiriba ukuta kama kawaida, lakini paa likivuja alilazimika kumtegemea kaka, mkwe au mtoto aliyekua. La pili, mume aliporudi alirudi na vitu ambavyo mshahara tu ungeweza kuvinunua: sufuria, blanketi, na kwa waliojaliwa, mabati. Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika sehemu mbili za heshima tofauti. Nyumba ya mbele, anapokaa mgeni, ilipata bati. Jiko la nyuma lilibaki na nyasi. Hata leo katika vijiji vingi vya Tanzania mpita njia ataona mpangilio huo, nyumba ya bati mbele na jiko la nyasi nyuma. Ni picha ya historia iliyosimama wima: fedha ilianza mlangoni kwa wageni, na kulifikia jiko mwisho.

Mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilianzisha kampuni ya miwati katika Njombe, iliyopanda miti hiyo kwa ajili ya magamba yake ambayo hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Kwa jiko, faida ya mwati ilikuwa nyingine: mti ulioambuliwa magamba hufaa kwa nguzo, kuni na mkaa. Nchi ya majani mafupi ikapata kuni zilizopandwa, na baadaye mikaratusi na misindano ikaongezeka. Matofali ya kuchoma, yanayopamba leo vilima vya Njombe kwa wekundu wake, yasingalichomwa kwa wingi huo bila miti hiyo.

Baada ya uhuru, serikali yenyewe iliingia jikoni. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika uliundwa mwaka 1962, na maarifa ya nyumbani yakawa sehemu ya mafunzo ya wanawake. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilisisitiza usafi wa makazi. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kazi hiyo ilitakiwa iishe mwaka 1976. Waliohamishwa katika Njombe, iliyokuwa wakati huo wilaya ya Mkoa wa Iringa, waliacha nyumba zao na kujenga upya kwa mistari. Ramani ya kijiji ilionyesha nyumba, barabara na shule; jiko halikuwa na mahali pake katika ramani. Lilijengwa baadaye, kwa haraka, na aliyehitaji kupika usiku ule ule.

Miaka hiyo hiyo Makambako ulikuwa ukibadilika kuwa mji wa njia panda. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, nayo ina stesheni hapo; barabara kuu ya kwenda Zambia hupita papo hapo, na barabara ya lami ya kwenda Njombe na Songea ilijengwa katika miaka ya 1980. Saruji, mabati na rangi za kopo zikaweza kufika kwa lori au behewa. Mwaka 2012 Njombe ikawa mkoa, na mwaka 2018 njia kuu ya umeme ya Makambako hadi Songea ikakamilika. Kwa mume na mke wenye kipato, jiko sasa liliweza kuingia ndani ya nyumba ya mbele, likawa na karo, kabati na taa.

Jiko hilo la ndani lina asili yake ng'ambo, nayo yatufaa kuijua. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo wa Austria, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba mpya za mji wa Frankfurt katika Ujerumani. Upana wake ulikuwa mita 1.9 na urefu mita 3.4, kila chombo kilikuwa karibu na mkono, na majiko kama 10,000 ya namna hiyo yalijengwa. Lilipunguza hatua za mpishi na uchovu wake. Lakini lilipimwa kwa mtu mmoja tu. Hapakuwa na nafasi ya pili ya kusimama, wala ya kukaa. Tukilichukua jiko la namna hiyo na kulitia Njombe bila kufikiri, tumelipoteza jiko la kuotea moto: bibi atakaa wapi usiku wa Julai, na mahindi yatawekwa wapi? Ndiyo maana familia nyingi zenye jiko zuri la ndani huendelea kuwa na jiko la kuni uani. Wengine huona hayo ni ushamba. Mimi naona ni hoja ambayo fundi hakuijibu.

Hata hivyo moshi hauna tena utetezi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani viliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Tanzania ilizindua mwezi wa Mei 2024 mkakati wa taifa wenye shabaha ya kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Hapa ndipo fundo lilipo. Kuni anazozileta mke kichwani hazionekani katika matumizi ya nyumba. Mtungi wa gesi huonekana, kwa kuwa hudai fedha ya mfukoni. Kubadili jiko, basi, ni kuuondoa mzigo katika mgongo wa mmoja na kuutia katika mfuko wa wote wawili. Ugomvi tunaoudhani ni wa rangi na vigae mara nyingi ni ugomvi wa mzigo huo kuhama.

Sheria yetu imekwisha kuliona jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja wanandoa wanapoachana. Na hata mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa huingia, ikiwa imeboreshwa sana na mwenzake au kwa juhudi zao wote. Mahakimu walitofautiana kama kupika na kulea ni juhudi za namna hiyo, hata Mahakama ya Rufani ilipoamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi ya nyumbani ni mchango, ingawa mdai mwenyewe hakupata mgawo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaongeza kwamba mwanandoa aliyetunza na kuendeleza kwa kazi yake ardhi iliyo kwa jina la mwenzake hupata haki ndani yake. Kwa hiyo mke anayekanda udongo, anayechotea mafundi maji na kuwapikia, anajenga haki pamoja na ukuta.

Watakuwapo wasemao kwamba kuhesabiana katika ndoa ni kuleta shaka palipo na mapenzi. Lakini zamani wanandoa hawakuhitaji hesabu kwa sababu kila mmoja aliuona udongo katika mikono ya mwenzake. Stakabadhi ya saruji haionyeshi mikono. Huonyesha jina moja. Anayetaka imani ya kale katika jiko la kisasa hana budi kuziandika nguvu za wote wawili, kama vile anavyoandika idadi ya mabati. Na kabla rangi haijanunuliwa, wakubaliane moshi utatoka wapi, wazee wataota wapi, mahindi yatalala wapi, na nani atanunua gesi katika mwezi ambao fedha imepungua.

Kwa wanafunzi wa historia iko kazi inayongoja. Wako bado, katika vijiji vya Njombe na mitaa ya Makambako, wanawake waliosiriba majiko ya kabla ya vijiji na waume waliorudi na bati la kwanza. Waulizwe wote wawili, kila mmoja peke yake, jiko lao lilitengenezwaje na nani alilipa nini. Kisha majibu yawekwe pamoja. Majibu yao yatakapotofautiana, tofauti hiyo nayo ni ushahidi.